Jinsi ya Kufika Eastlands Usiku Bila Kukwama

Matatu ya usiku haina ratiba. Huondoka ikijaa, na dere akiamua amechoka, imeisha. Kama zamu yako ya hoteli, hospitali au ulinzi katikati ya Nairobi inaisha saa nne usiku, usitoke kazini ukitegemea bahati. Panga mchana.

Jua njia mbili za kukufikisha nyumbani, si moja. Wewe wa Umoja, ukikosa gari ya Innercore, panda 58 ya Buruburu ushuke Mutindwa, kisha uvuke barabara ya Outering. Usivuke peke yako. Ngoja wengine washuke, mwende pamoja.

Muulize makanga wa gari uliyoizoea: ya mwisho hutoka saa ngapi? Uliza kuhusu Jumatatu, si Ijumaa. Ijumaa watu ni wengi na gari hukesha. Jumatatu usiku steji hukauka mapema.

Ukifika steji ya Ambassadeur, mjini, usikimbilie gari kwa sababu makanga anapiga bodi akiita "mmoja amebaki!" Chungulia ndani kwanza. Kuna kamagera, vijana wanaokalishwa vitini ili gari ionekane imejaa. Utawatambua. Hawana mfuko wala mkoba, na hakuna anayesinzia, ilhali abiria wa kweli wa saa tano usiku husinzia. Wewe ukiingia, mmoja anateremka. Ukiingia na mwenzako, wanateremka wawili. Basi hiyo gari bado itakaa. Tafuta yenye akina mama waliobeba mizigo na askari wenye sare. Hiyo ndiyo inayoondoka.

Kabla ya kuweka mguu ndani, uliza mambo mawili kwa sauti: "Ni ngapi?" na "Unafika mwisho?" Nauli ya usiku hupanda, na mvua ikinyesha hupanda tena. Swali la pili ndilo muhimu zaidi. Gari nyingi hukata safari Donholm abiria wakipungua, halafu wewe wa Kayole unaachwa barabarani.

Mkiuzwa njiani, yaani makanga akiwahamishia gari nyingine, usishuke haraka. Hakikisha umemwona akimlipa makanga wa pili nauli zenu. Akiondoka bila kulipa, utadaiwa upya.

Andaa nauli kamili kabla ya kufika steji. Kama unalipa kwa M-Pesa, lipa gari ikiwa imesimama na wewe umekaa mbali na dirisha. Ukipita Landhies Road na City Stadium, funga dirisha na uweke simu ndani ya nguo. Mkono wa nje ni mwepesi kuliko wako.

Soma jina la sacco na namba ya gari, umtumie mtu wa nyumbani. Fanya hivyo hata kama gari unaijua, maana usiku huenda ni squad, yaani wafanyakazi wa muda, inayoendesha, si wale waliokubeba asubuhi. Dada, ukishikwashikwa au ukitishwa, paza sauti. Namba 1195 hupokea ripoti za dhuluma za kijinsia bila malipo. Polisi ni 999 au 112. Abiria wengine, mkisikia sauti hiyo msiangalie nje. Ombeni gari isimame.

Hayo yatakufikisha leo. Kesho je? Usafiri huu wa usiku ni rahisi kuzimwa. Desemba 3, 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, na watu wa Jogoo Road wakaachwa Muthurwa wamalizie kwa miguu. Amri ilisimamishwa haraka, lakini tuliona jinsi mpango unavyoweza kupita bila msafiri kufikiriwa. Kisha kafyu ya Korona, kuanzia Machi 27, 2020 hadi Oktoba 20, 2021. Usiku wote ule aliyemaliza zamu alijijua mwenyewe.

Sasa kuna mabasi ya umeme, yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Mimi nayapenda: hayana moshi wala kelele. Lakini huchajiwa sana usiku yakiwa yameegeshwa. Sacco yako ikinunua, uliza mapema ni gari zipi zitabaki barabarani baada ya saa nne. Uliza pia kuhusu BRT, yaani mabasi ya haraka yenye njia yake: yatatembea hadi saa ngapi usiku? Katika mipango ya NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, laini iliyopewa jina Kifaru inatoka Mama Lucy, inapita Donholm na Jogoo Road hadi katikati ya jiji. Ni njia yetu kabisa. Lakini njia nzuri ikifungwa saa tatu usiku haitamsaidia nesi wala askari wa lindo.

Kwa hivyo weka kumbukumbu. Kwa wiki mbili, andika saa uliyofika steji, saa gari ilipoondoka, nauli uliyolipa na mahali uliposhushwa. Washirikishe wenzako wa zamu wafanye vivyo hivyo. Karatasi yenye saa na tarehe ina nguvu kuliko malalamiko ya jumla.

Ipelekeni ofisi ya sacco mchana, watatu au wanne, mkiwa na ombi moja: gari moja ya uhakika inayotoka mjini saa sita usiku na kufika mwisho. Nakala mpeni MCA wenu, mwakilishi wa wadi, mkidai taa kwenye steji mnayoshukia. Kaunti ikiita kikao cha maoni ya umma, nendeni na karatasi hiyo hiyo. Wenye magari huwa wameshafika. Nasi twende.