SOMO LA TEKINIKI: KUFUFUA DEPO YA DISKI ILIYOKATAA KUFUNGUKA KATIKA MASHINI PEPE



Wenzetu wengine wa darasa la 6 wanauliza: diski ziko nzima, umeme uko, lakini serveri inasema depo haiko. Je, data imekufa ao bado? Mara nyingi haijakufa. Lakini yule anayeharakisha kutengeneza anaweza kuiua kabisa. Basi fungueni kaye. Na wale wa seksioni ya biashara wasiruke ukurasa huu, kwani ni wao watakaokaa kesho katika biro na kushika palmaresi na hesabu za minervali.

Depo ni diski nyingi zilizounganishwa kuwa ghala moja. Tutasema juu ya ile ya ZFS, iliyoanzwa mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, ikatolewa wazi kwa watu wote mwaka 2005. Mashini pepe ni ordinateri isiyo na chuma yake mwenyewe. Inaishi ndani ya ordinateri ingine, tunayoiita mwenyeji. Watu wanapenda kuhamisha depo kutoka kwa mwenyeji na kuitia ndani ya mashini pepe, ili chuma kimoja kifanye kazi nyingi. Ni pale taabu inaanza.

Tuseme sekretere wawili wanashika rejistri moja ya pointi, kila mtu katika chumba chake, bila kuonana. Wa kwanza anaandika pointi za darasa la 3 kwenye ukurasa ambao anaona ni mweupe. Wa pili naye anaona ukurasa ule ule ni mweupe, anaandika za darasa la 4 juu yake. Hakuna mwenye kuiba, hakuna mlevi, lakini rejistri imekwisha kuharibika. Ndivyo inavyokuwa kama mwenyeji na mashini pepe wanafungua depo moja wakati moja. ZFS yenyewe inajaribu kukataza: inaandika ndani ya depo alama ya ordinateri iliyoifungua. Ingine ikija, inaambiwa kwamba depo ilikuwa inatumiwa kwa mwingine. Lakini kuna amri ya kulazimisha, « zpool import -f », na watu wanaipiga kama vile mtu anavyopiga mlango kwa teke, bila kuuliza nani yuko ndani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzima mashini pepe. Kuzima kabisa, si kufunga dirisha yake tu. Tena usipige « zpool create » hata kidogo. Amri ile haifufui, inajenga depo mpya juu ya kaburi ya ile ya zamani. Kama una diski za kutosha, nakili kila diski nzima mbele ya kugusa kitu.

Sasa rudisha diski kwa mwenyeji, kisha andika « zpool import » peke yake, bila jina. Amri hii inatazama tu, haiandiki. Kama inaonyesha depo na neno ONLINE, shangilia polepole. DEGRADED ni kusema diski moja ao zaidi inakosa ao ni mgonjwa, lakini zilizobaki zinatosha kufungua. Kama haionyeshi kitu, pengine majina tu yamebadilika, kwani Linux inaweza kuita sdb leo ile iliyokuwa sda jana. Uonyeshe njia: « zpool import -d /dev/disk/by-id ».

Na kama ndani ya mashini pepe mtu alikubali « kutayarisha » diski? Hapo wengi wanalia bure. Kila diski ya ZFS inabeba etiketi 4, kila moja kilobaiti 256: mbili kwenye kichwa, mbili kwenye mkia. Kutayarisha kwa haraka kunaharibu hasa kichwa. Etiketi za mkia zinaweza kubaki, na « zdb -l » inazisoma.

Ugonjwa mzito ni ule wa sekretere wawili. Hapa tumaini linatoka katika tabia moja ya ZFS: haifuti maandishi yanayotumika ili kuandika mapya juu yake. Inaandika pahali pengine, halafu inageuza kidole kinachoonyesha mwanzo wa mambo yote, kinachoitwa uberbloki. Vidole vya zamani vinabaki kwa muda ndani ya etiketi: nafasi 128, ao 32 tu kwa depo iliyojengwa kwa sekta za kilobaiti 4. Depo inayofanya kazi inageuza kidole karibu kila sekunde 5. Fanyeni hesabu: 32 mara 5 ni sekunde 160, haifiki dakika 3! Na kurasa za zamani zenyewe zinaweza kuandikwa upya mbele ya hapo. Ndiyo maana nimesema kuzima kwanza.

Jaribu kufungua kwa kusoma tu: « zpool import -f -o readonly=on -R /mnt depo ». Ikifunguka, toa mali ya lazima mbio, uipeleke kwenye diski ingine. Ikikataa, uliza bila kutenda: « zpool import -F -n depo » inasema kama kurudi nyuma kunawezekana. Ukiondoa « -n » inarudi kweli, nawe unapoteza maandishi ya sekunde za mwisho. Afadhali kupoteza pointi tano kuliko rejistri. Kisha « zpool scrub depo » inasoma yote na kuhakikisha, na « zpool status -v » inataja faili zilizoharibika kwa majina yao.

Kwa safari ya pili: piga « zpool export » kwa mwenyeji, umkataze kuifungua tena anapowaka, na umpe mashini pepe kontrolere nzima ya diski badala ya diski moja moja. Tangu mwaka 2017 kuna pia « multihost=on », inayofanya depo itazame mbele ya kufunguka kama mwingine yuko ndani. Lakini kila ordinateri lazima iwe na nambari yake, « hostid », isiyofanana na ya mwingine.