Kiungo cha Shafti Kilichovunjika katika Mashine ya Kupasulia Kuni

Kuni si jambo dogo katika nchi ya Kenya. Mbali na majiko ya nyumbani, viko viwanda vya chai katika sehemu za milimani ambavyo huchoma kuni za mikaratusi ili kupata joto la kukaushia majani. Na ziko shule nyingi za bweni ambazo wanafunzi wake hawapati uji bila magogo ya kutosha jikoni. Gogo bichi laweza kuwa na maji yapata nusu ya uzito wake. Likitiwa motoni kabla ya kukauka, sehemu kubwa ya joto lake hupotea katika kuyachemsha maji hayo, na moshi huwa mwingi kuliko moto. Gogo lililopasuliwa hukauka upesi zaidi. Ndiyo maana mahali penye kazi nyingi watu wameacha shoka wakachukua mashine ya kupasulia kuni, ile inayoendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa.

Mashine hiyo ikisimama, kazi yote husimama. Na mara nyingi kinachoisimamisha si injini wala pampu, bali ni kiungo kidogo kilicho baina ya hizo mbili, ambacho mafundi hukiita kaplingi. Kukibadili si kazi ngumu. Lakini wengi hukibadili leo, na baada ya wiki chache kikavunjika tena, wakakilaumu kiungo na duka lililokiuza. Hilo ni kosa. Kiungo kilichovunjika aghalabu ni shahidi, si mkosaji. Yafaa kwanza kukisikiliza, ndipo kukitupa.

NAMNA MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Injini ndogo ya petroli huizungusha pampu. Pampu huvuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma katika silinda. Ndani ya silinda mna pistoni, nayo ndiyo isukumayo kabari ya chuma ndani ya gogo. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya uvumbuzi wa shinikizo linalotumia kanuni hiyo. Silinda yenye upana wa inchi 4 kwa ndani, ikipata mafuta yenye msukumo wa ratili 2,500 kwa kila inchi ya mraba, husukuma kwa nguvu ya ratili zaidi ya 31,000, yaani yapata tani 14.

Kazi yote ya injini hupita katika kiungo kimoja ambacho hutoshea kiganjani mwa mtu. Kiungo cha kawaida kina vipande viwili vya chuma, kimoja katika shafti ya injini na cha pili katika shafti ya pampu. Kila kipande kina meno matatu. Baina yao hukaa raba yenye miguu sita, mfano wa nyota, ili meno ya chuma yasigusane, na ili mshtuko wa injini usifike katika pampu. Kila kipande hushikwa na kijiti cha chuma chenye pembe nne kiitwacho kii, kilalacho katika mfereji wa shafti, na juu yake skrubu ndogo ya kukaza.

Injini nyingi za aina hii, zikiachiwa mwendo wake wote, huzunguka mara 3,600 kwa dakika. Hesabu hiyo ni mara 60 kwa sekunde, na mara 216,000 kwa saa. Basi kosa dogo kama unene wa kadi, ambalo jicho halilioni, hurudiwa mara 216,000 katika saa moja ya kazi. Hapo ndipo penye siri ya viungo vingi vinavyovunjika.

KABLA YA KUGUSA KITU

Fundi mwenye akili huanza kwa kuinyima mashine uwezo wa kumdhuru. Injini huzimwa na kuachwa ipoe. Kabari hurudishwa nyuma kabla ya kuzima, kisha mkono wa vali husukumwa mbele na nyuma mara kadhaa ili msukumo uliobaki katika mafuta uishe. Waya wa plagi huvuliwa na kuwekwa mbali, isije injini ikawaka mtu akiwa ametia vidole katika kiungo. Magurudumu huwekewa mawe.

Liko neno moja ambalo halina budi kusemwa kwa nguvu. Kama mpira wa mafuta unavuja, mtu asiutafute ufa kwa mkono. Mafuta yenye msukumo mkubwa yakitoka katika tundu dogo kama la sindano huweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huonekana kidogo na pengine hakiumi sana, lakini ndani nyama huharibika, na mkono au kidole chaweza kukatwa. Aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingoje kesho kwa sababu damu ni kidogo. Ufa hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, si kwa kiganja.

KUTAMBUA UGONJWA

Dalili ya kwanza ni injini kunguruma vizuri huku kabari haitembei. Dalili ya pili ni mlio wa chuma kugonga chuma. Katika mashine nyingi pampu hushikwa na kitako chenye tundu la kuchungulia. Waya wa plagi ukiwa umevuliwa, mtu mmoja avute kamba ya kuwashia polepole, na mwingine achungulie asitie mkono. Shafti ya injini ikizunguka na ya pampu ikakaa kimya, basi ugonjwa uko katika kiungo au katika kii. Zote mbili zikizunguka na kabari haitembei, kiungo hakina kosa; yatazamwe mafuta, chujio, vali na pampu yenyewe.

KUSOMA USHAHIDI

Baada ya kiungo kufunguliwa, vipande vyote vikusanywe juu ya gazeti, hata unga wa raba. Kila kimoja kina habari yake.

Unga mweusi mwingi chini ya kiungo huonyesha kwamba shafti mbili hazikuwa katika mstari mmoja, na raba ilisagwa kidogo kidogo. Raba iliyokauka na kupasuka huonyesha uzee au joto. Raba iliyovimba na kulainika huonyesha kwamba mafuta yamekuwa yakiidondokea. Sili ya pampu itazamwe. Meno ya chuma yaliyong'aa na kulika upande mmoja huonyesha kwamba raba iliisha zamani, na mwenye mashine aliendelea kupasua kuni huku akisikia kelele. Kipande kilichopasuka penye mfereji wa kii huonyesha kwamba kilicheza katika shafti, kwa kuwa skrubu ililegea au kii ilikuwa nyembamba. Kii iliyokatika kama iliyopitishwa mkasi huonyesha mshtuko mkubwa, na huenda pampu imekwama.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, shafti ya pampu izungushwe kwa mkono. Yapaswa kuzunguka kwa uzito kidogo lakini kwa ulaini. Ikikwaruza, ikikwama, au ikitikisika kwenda kando, kiungo kipya kitavunjika kama cha kwanza, kwa maana mkosaji ni pampu. Vilevile bolti za injini na za kitako cha pampu zijaribiwe kwa spana. Bolti moja iliyolegea yatosha kuziondoa shafti katika mstari wake.

KUTOA CHA ZAMANI

Pampu hufunguliwa bolti zake na kuvutwa kwa unyofu, isipindwe. Kama mipira ya mafuta ni mirefu ya kutosha, haina haja ya kufunguliwa. Kama ni mifupi, mafuta ya tangi yamwagwe kwanza katika debe safi, na kila tundu lizibwe kwa kitambaa kisafi, kwa sababu chembe ya mchanga ikiingia katika pampu huikwaruza ndani.

Skrubu ya kukaza hulegezwa kwa spana ya aleni. Kipande kikikataa kutoka, kitiwe mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa, hata ikiwa ni usiku kucha. Kisha kivutwe kwa pula. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu mali. Hushika nyundo na kupiga. Pigo la nyundo halikomi katika kiungo. Hupita katika shafti na kufika katika beringi na gia za ndani. Mtu huokoa kiungo cha bei ndogo, akaua pampu ya bei kubwa. Wala moto usitumike karibu na tangi la petroli.

Wengine hupeleka kipande kilichopasuka kwa mchoma vyuma. Shauri hilo si jema. Chuma cha vipande hivi aghalabu ni cha aina isiyopindika bali huvunjika, na moto wa kuunga hukifanya kipasuke kando ya uungo. Hata kikishika, tundu lake huwa limehama kidogo katikati, nako kuhama kidogo, kama ilivyokwisha elezwa, hurudiwa mara 216,000 kwa saa.

KUNUNUA NA KUTIA KIPYA

Asiende mtu dukani na maneno matupu. Achukue vipande vya zamani na vipimo vya shafti zote mbili, kwani mara nyingi hazilingani. Shafti ya pampu huweza kuwa ya nusu inchi, na ya injini robo tatu ya inchi au inchi nzima. Namba iliyochapwa juu ya kiungo isomwe, na vipande viwili pamoja na raba viwe vya kipimo kimoja. Kii nayo iwe mpya na ya kipimo chake. Msumari uliokatwa au shina la bolti si kii.

Shafti husafishwa kwa msasa mwembamba, na makovu ya skrubu hulainishwa kwa tupa. Kipande kipya kiingie kwa kusukumwa kwa mkono, bila kucheza. Raba huwekwa katikati, kisha pampu hurudishwa mahali pake na bolti zake kukazwa.

Sasa huja jambo linalosahauliwa na wengi. Vipande viwili visibanwe mpaka vikashikana. Huachwa nafasi ndogo, yapata milimita moja na nusu, ili raba iweze kusogea kidogo mbele na nyuma. Vikibanwa, shafti ya pampu husukumwa kwa ndani wakati wote, na pampu za gia hazikuumbwa kuvumilia msukumo wa namna hiyo. Nafasi ikiisha kupatikana, skrubu hukazwa juu ya kii, nazo hutiwa gundi ya kuzuia nyuzi zisilegee kwa mtikisiko.

Kisha unyofu hupimwa. Rula ya chuma iliyonyoka hulazwa juu ya vipande vyote viwili, upande wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto. Ilale sawasawa pande zote nne. Kwa viungo vya aina hii, tofauti ya kando isizidi milimita 0.4, na pembe isizidi nyuzi 1. Ikizidi, bolti zilegezwe na kipande chembamba cha bati kitiwe chini ya mguu wa injini, au kitako cha pampu kisogezwe, mpaka rula ilale. Kazi hii huchukua nusu saa, nayo ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote.

KUWASHA

Mafuta hujazwa mpaka alama yake. Waya wa plagi ukiwa bado umevuliwa, kamba huvutwa mara kadhaa ili pampu inyonye mafuta, kwa maana pampu inayozunguka kavu huharibika upesi. Vifuniko vyote hurudishwa. Ndipo injini huwashwa kwa mwendo mdogo, na kabari hupelekwa mbele na nyuma mara chache bila gogo, ili hewa itoke. Mafuta hupimwa tena. Baada ya saa moja ya kazi, mashine huzimwa, na skrubu na bolti zote hujaribiwa upya.

MANENO YA MWISHO

Mfano wa watu wawili watosha kuyafupisha mafundisho haya. Wa kwanza alisikia mlio mdogo katika mashine yake, akasema kuni ni nyingi na siku ni fupi. Akaendelea mpaka raba ikaisha, meno yakavunjika, na pampu ikakwama. Wa pili alisikia mlio ule ule, akazima, akachungulia, akakuta bolti moja ya kitako imelegea na raba imeanza kulika. Akanunua raba peke yake, akakaza bolti, akapima kwa rula, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amerudi kazini. Wote wawili walikuwa na mashine ya namna moja na kosa la namna moja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa pampu mpya ni wa bei kubwa.