MBEGU YA MGAGANI HULALA: TUIANDIKIE TAREHE



Mwezi wa Februari, hapa kwetu Dodoma, hatupati taabu ya mboga. Mlenda uko shambani. Mchicha pori uko kando ya njia. Mgagani umejaa nyuma ya zizi. Tunamtuma mtoto na ungo, na baada ya muda mfupi anarudi, ungo umejaa.

Sasa hebu tufikirie mwezi wa Septemba. Mvua iliisha tangu Aprili. Ukitoka Mpwapwa na Kongwa mpaka Bahi na Manyoni, ardhi ni kavu na vumbi ni jekundu. Siku hizo tunakula ugali kwa mlenda mkavu. Mlenda mkavu ni mboga nzuri, na wazee wetu walitumia akili kweli kuukausha. Lakini jua likikausha majani, linapunguza vitamini zake. Kula mboga kavu peke yake kwa miezi mingi hakutoshi, hasa kwa mtoto mdogo na mama mjamzito. Na mboga mbichi ya sokoni inataka fedha, tena kila siku.

Basi somo letu la leo ni hili: mgagani tunaouchuma bure wakati wa mvua, tunaweza kuupanda wenyewe bustanini wakati wa kiangazi. Maji yanayohitajika si mengi, na mbegu hainunuliwi. Lakini kuna siri moja katika mbegu hiyo. Asiyeijua atapanda na hataona kitu.

MGAGANI NI MBOGA GANI?

Kila kabila lina jina lake kwa mboga hii. Utaitambua kwa alama hizi. Jani lake limegawanyika kama mkono wenye vidole vitano. Shina lina vinyweleo vidogo, na ukilishika linanata kidogo na kutoa harufu kali. Maua yake ni meupe, mengine yana wekundu kidogo. Maganda yake ni marefu na membamba. Ndani mna mbegu ndogo sana, nyeusi.

Wengine wanaidharau. Wanasema eti ni mboga ya jalalani, mboga ya shida. Maneno hayo si ya kweli. Inaota jalalani na penye zizi la zamani kwa sababu inapenda samadi, basi. Wenzetu wa Kisii, nchini Kenya, wanailima na kuiuza sokoni, na huko mama aliyejifungua hupewa mboga hii apate nguvu. Huko Namibia wanaiita ombidi, na wanaikausha kwa matumizi ya kiangazi kama sisi tunavyokausha mlenda. Na hapa nchini, Kituo cha Dunia cha Mboga, kilichopo Arusha tangu 1992, kinahifadhi na kuchunguza mbegu za mboga zetu za asili, pamoja na mgagani.

Majani yake yana vitamini A kwa ajili ya macho. Mtu asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kushindwa kuona jioni. Yana vitamini C pia, na madini ya chuma yanayosaidia damu.

SIRI YA MBEGU

Mbegu ya mahindi ukiikausha vizuri unaweza kuipanda, nayo ikaota. Mgagani sivyo. Mbegu iliyovunwa karibuni hulala. Iko hai, lakini haioti, au inaota chache tu. Inahitaji kukaa miezi mitatu mpaka sita ndipo iamke.

Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo. Tulivuna mbegu Aprili, tukaipanda Mei. Tulimwagilia wiki mbili, hakikutoka kitu. Tukalaumu kuku, tukalaumu sisimizi. Mbegu iliyobaki tulitaka kuitupa, tukidhani imekufa. Ilikuwa bado imelala tu.

Kwa hiyo tukumbuke hivi:

Mbegu iliyovunwa Aprili mwaka huu, ipande Septemba au Oktoba.

Ukitaka kupanda Mei, mara baada ya mvua, tumia mbegu ya mwaka jana.

Usiku wa Juni na Julai una baridi hapa kwetu, na mgagani haupendi baridi. Ukipanda miezi hiyo utachelewa kuota na kukua.

Sasa, utajuaje mbegu hii ni ya lini? Mbegu ya mwaka jana na ya mwaka huu zinafanana. Macho hayawezi kutofautisha. Hapo ndipo faida ya kujua kuandika inapoonekana. Chukua kipande cha karatasi, andika, kisha kiingize ndani ya chupa ya mbegu. Kwa mfano:

MGAGANI
Imevunwa: 20 Aprili 2025
Ijaribiwe: Septemba 2025

Mistari mitatu tu. Bila mistari hiyo unaweza kupanda mbegu iliyolala, na ukapoteza jasho na maji yako.

KUIJARIBU MBEGU

Kabla ya kupanda, jaribu kwanza. Hesabu mbegu 20. Zifunge katika kitambaa safi kilicholowa maji, uziweke ndani ya bakuli na kufunika kwa sahani. Weka mahali penye joto kidogo na pasipo na mwanga. Usiache kitambaa kikauke.

Baada ya siku 10 fungua uhesabu. Zikiota 15 au zaidi, mbegu ni nzuri, panda. Zikiota 10, panda mbegu nyingi kidogo. Zikiota chini ya 10, itazame tarehe. Kama hazijafikisha miezi sita, ngoja mwezi mmoja ujaribu tena. Kama ni za miaka mingi, huenda zimechoka. Tafuta nyingine.

KUTENGENEZA TUTA

Chagua mahali karibu na nyumba, unapoweza kufikisha maji bila kuchoka. Pawe na jua. Pima tuta lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 3.

Penye mvua nyingi watu huinua tuta. Sisi penye ukame tunalizamisha. Chimba udongo, uvunjevunje mpaka kina cha jembe, kisha utoe udongo kidogo na kuuweka pembeni kama ukingo, ili tuta liwe chini kidogo kuliko ardhi ya kando. Hivyo maji hayakimbii, na upepo haukaushi udongo upesi.

Changanya ndoo mbili au tatu za samadi iliyooza. Samadi mbichi, yenye moto, inaunguza miche. Ngoja ioze kwanza.

Halafu zungushia miiba. Mbuzi na kuku hawajui kwamba mboga hii ni ya watoto.

KUPANDA

Usioteshe mgagani mahali pengine halafu uuhamishe. Mzizi wake unakwenda chini moja kwa moja, na haupendi kung'olewa. Panda pale pale utakapokulia.

Piga mistari mitatu kwa urefu wa tuta. Kati ya mstari na mstari acha sentimita 30. Mfereji uwe na kina cha sentimita 1 tu. Kwa kuwa mbegu ni ndogo sana, ichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga, ili isirundikane mahali pamoja. Funika kwa udongo laini kidogo tu. Usiiache juu, kwa sababu mbegu hii haioti vizuri penye mwanga. Lakini usiizike sana, itashindwa kutoka.

Tandaza nyasi kavu juu, kisha mwagilia polepole kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Penye joto, mbegu huanza kutoka baada ya siku 4 mpaka 10. Ukiona zimetoka, ondoa nyasi juu ya mistari na kuziweka katikati ya mistari, zitunze unyevu.

MAJI

Tuta hili, siku za jua kali, linataka ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Mimina nusu asubuhi na nusu jioni. Saa za mchana maji mengi hupotea kwa jua.

Utasema, "Maji ya kunywa tu ni taabu, ya bustani nitayatoa wapi?" Ni kweli. Basi tutazame maji tunayoyamwaga. Maji ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo, ya kunawia mikono, yote haya yanafaa, mradi yasiwe na sabuni nyingi wala mafuta. Weka ndoo moja pembeni kwa kazi hiyo. Ikiwa maji hayo hayatoshi, fanya tuta la meta moja badala ya matatu. Tuta dogo linalopata maji ni bora kuliko tuta kubwa linalokauka.

KUPUNGUZA, KUCHUMA NA KUPIKA

Miche ikifika wiki tatu, ing'oe mingine ili kila mche uwe mbali na mwenzake sentimita 15. Usiitupe uliyong'oa. Hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza.

Ikifika wiki nne mpaka sita, anza kuchuma. Kata ncha ya juu kwanza. Mche uliokatwa ncha hutoa matawi, na matawi hutoa majani mengine. Ukiona maua, yakate pia. Mche ukishaanza kuzaa hauongezi majani mengi. Ukifanya hivyo utachuma kwa wiki nne au tano zaidi.

Ukiona wadudu wadogo wamejaa chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, au kata jani lenyewe. Dawa ya pamba au ya mifugo usiitie kamwe kwenye mboga.

Mgagani ni mchungu, hilo hatulifichi. Wengi huchemsha na kumwaga maji mara mbili au tatu. Wakimwaga hivyo, vitamini C nyingi inakwenda na maji. Ni afadhali kuuchanganya na mchicha au mlenda, kuupika kwa muda mfupi, na kuunga kwa karanga za kutwanga au maziwa. Uchungu unapungua. Tena mafuta ya karanga au maziwa yanausaidia mwili kupokea vitamini A.

KUWEKA MBEGU

Chagua miche sita yenye majani mapana na iliyochelewa kutoa maua. Ifunge kamba ya rangi, na uwaambie watu wote wa nyumbani wasiichume. Maganda yakigeuka manjano, yakate kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu zote zinamwagika. Yaanike juu ya kitambaa kivulini, yapige kwa kijiti, upepete, kisha zianike mbegu siku chache. Ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Andika tarehe siku hiyo hiyo. Usiseme, "Nitakumbuka."

TUJADILI

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya. Nasi tulisome somo hili hivyo hivyo. Anayesoma vizuri awasomee wenzake, halafu tujibu pamoja:

1. Katika kijiji chenu, familia nyingi hula mboga gani mwezi wa Septemba? Kwa nini?

2. Jirani yako alivuna mbegu ya mgagani mwezi wa Machi, akaipanda Aprili, haikuota. Anataka kuitupa. Utamwambia nini?

3. Nyumbani kwako mnamwaga maji gani kila siku yanayoweza kunywesha tuta?

4. Hesabu: Mstari mmoja una urefu wa sentimita 300. Mche na mche ni sentimita 15. Mstari utakuwa na miche mingapi? Mistari mitatu je?

5. Hesabu: Ndoo ya lita 20 kwa siku, kwa siku 30, ni lita ngapi?

(Majibu ya hesabu: Swali la 4, miche 20, na mistari mitatu miche 60. Swali la 5, lita 600.)

Kazi ya nyumbani ni moja. Mvua ikija, nenda nyuma ya zizi, chagua miche sita, ifunge kamba. Na karatasi ya tarehe uitayarishe mapema.