Uongozi wa Maskauti wa Kike: Kazi Isiyo na Mshahara

Mama mmoja wa huku kwetu Laela ametuuliza hivi: "Nimeombwa niwe kiongozi wa maskauti wa kike. Mshahara hakuna. Je, kazi hii ni ya namna gani, nami nitaiweza?" Swali hili ni jema, na jibu lake lawafaa wengi, kwa hiyo twalitoa liwe somo letu la leo.

Kwanza yafaa kujua asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1909 Bwana Robert Baden-Powell aliwakusanya maskauti wavulana katika Crystal Palace, mjini London. Wakatokea wasichana ambao hawakuitwa, wakasema kwamba wao pia ni maskauti. Mwaka 1910 wakapata chama chao, Girl Guides, na Bibi Agnes, dada yake Baden-Powell, akawasimamia. Tanganyika chama kilianza mwaka 1928. Basi angalieni: jambo hili lilianza kwa sababu wasichana wenyewe walilitaka, wala si kwa amri ya wakubwa.

Wengi hudhani kwamba kiongozi ni mtu wa kupiga filimbi na kutoa amri. Sivyo. Wasichana hugawanywa katika vikosi vidogo vya watu sita hivi au wanane, na kila kikosi kina msichana wake wa kukiongoza. Kiongozi mtu mzima huwafunza hao, kisha husimama kando. Wakipika ugali ukatoka mbichi, asiwanyang'anye mwiko. Awaulize sababu, nao wapike tena. Lakini penye hatari, kama vile moto au maji mengi, asikawie kuwazuia.

Mkulima wa Ufipa alielewa jambo hili tangu zamani. Hufukia majani chini ya udongo katika ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, huyaacha yaoze, na msimu ufuatao huutawanya udongo ule apande nafaka. Afukiaye leo akafukua kesho hapati kitu. Na wasichana ni vivyo hivyo: matunda ya mafunzo hukawia.

Sasa tutaje mambo manne ambayo hapana budi kuyashika.

Kwanza, ruhusa. Mwalimu mkuu, wazazi na chama chenyewe wapate habari kabla ya mkutano wa kwanza.

Pili, wakati. Mkutano uwe siku moja maalumu, nao uishe jua lingali juu. Binti ana maji ya kuteka na wadogo wa kulea. Mzazi akiona arudi gizani, hatampa ruhusa tena. Wala asiye na sare asirudishwe nyumbani, kwa maana umaskini si kosa.

Tatu, usalama. Mtu mzima asikae faraghani na msichana mmoja, na safarini wawepo watu wazima wawili au zaidi. Msichana akieleza kwamba ametendewa maovu, au kwamba yuatakiwa aolewe na kuacha shule, kiongozi asiahidi kunyamaza. Wala asilipeleke jambo hilo barazani likawa maneno ya watu. Awaarifu ustawi wa jamii au polisi, ambao ndio wenye kazi hiyo.

Nne, vitabu viwili: kimoja cha mahudhurio, kimoja cha fedha. Hata shilingi mia iandikwe. Sisi tulio makarani tumeona urafiki mwingi ukivunjika kwa fedha ndogo isiyoandikwa.

Tulipata kukiona kikundi kimoja, jina lake tuliache, kilichofunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mwezi wa tatu kiongozi wake alichoka, akaacha kuja, wala hakuaga. Wasichana walimngoja chini ya mwembe Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kisha wakatawanyika. Alipotokea mama mwingine kutaka kukifufua, msichana mmoja alimjibu, "Nawe utatuacha." Miaka miwili ilipita kabla hawajakubali kukusanyika tena.

Kwa hiyo tulimjibu yule mama hivi: Usijipime kwa elimu wala kwa sauti. Jiulize kama waweza kutoa saa moja kila juma kwa mwaka mzima, hata wakati wa palizi. Ukiweza, anza na kikosi kimoja tu. Na tangu mwezi wa kwanza mtafute mwenzako umfundishe kazi, ili siku utakapohama au kuugua, wasichana wasingoje bure.

Nanyi walimu, wazee na viongozi wa vijiji, msimwite mtu huyu asiye na kazi. Mpeni chumba cha darasa, au kivuli cha mti, na siku mojamoja nendeni mkatazame. Haya hayataki fedha.