Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Saratani ya Matiti

Mwaka huu sikuleta shairi. Nimeleta somo nililolipata jikoni kwetu, kisha nikalifuatilia katika vitabu vya Biolojia na kwa tabibu mmoja anayeifahamu jamii yetu.

Shangazi yangu alikuwa mnene mno. Mwaka wa 2021 alipasuliwa ili apunguze uzito. Nguo zikampwaya, nasi tukashangilia. Mwaka wa 2024 akapatikana na saratani ya titi. Daktari alipomwuliza kama amewahi kupasuliwa, alijibu, "La." Aliona haya! Ati watu wangesema alishindwa kufunga mdomo, akakimbilia kisu.

Uhusiano wa unene na ugonjwa huu ni upi? Tumezoea kufikiri kwamba mafuta ni mzigo tu, kumbe ni kiwanda. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari huacha kutoa homoni ya estrojeni kwa wingi. Hapo mafuta ya mwili huendelea kuitengeneza, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni hiyo. Basi mafuta yakipungua, chakula cha saratani nacho hupungua. (Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi mambo ni tofauti, kwa hiyo msiwatishe dada zenu.)

Nchini Uswidi, kuanzia mwaka wa 1987, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, wakawalinganisha na wanene wengine ambao hawakupasuliwa. Matokeo ya mwaka wa 2009 yalionyesha kwamba wanawake waliopasuliwa walipata saratani kwa uchache zaidi. Wanaume hawakuonyesha tofauti hiyo. Lakini tusikimbie: hesabu hiyo ilikuwa ya saratani zote kwa jumla, na watu hawakugawanywa kwa kura. Upasuaji hupunguza hatari, hauiondoi. Shangazi ni shahidi.

Sasa tuje kwenye matibabu, na hapa ndipo penye kazi. Shangazi alipasuliwa kwa namna ambayo kifuko kidogo cha tumbo, karibu ukubwa wa yai, huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya mwanzo. Chakula kikiruka, kidonge nacho huruka! Yeye alipewa tamoksifeni, kidonge cha kumezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kwa mtu kama yeye dawa inaweza kufika katika damu ikiwa pungufu, na daktari asiyejua habari hiyo hatakuwa na sababu ya kuichunguza. Dawa za kudungwa kwenye mshipa hazipitii tumboni, ila kipimo cha nyingi kati yake hukadiriwa kwa urefu na uzito, kwa hivyo mtu anayezidi kupungua sharti apimwe upya.

Kuna mifupa pia. Waliopasuliwa hufyonza kalisi na vitamini D kwa shida, na zile dawa za kuzuia aromatesi hudhoofisha mifupa. Mambo hayo mawili yakikutana, mifupa huwa hatarini. Madini ya chuma na vitamini B12 navyo hupungua, mgonjwa akachoka, akadhani ni saratani tu.

Nilipomweleza shangazi haya yote alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wewe mtoto, mbona hukuniambia mapema?" Sikuwa najua, shangazi. Kliniki iliyofuata tulikwenda pamoja, nikiwa nimeandika katika daftari langu mwaka wa upasuaji, aina yake na vidonge vyote anavyomeza. Daktari hakumcheka hata kidogo. Alilisoma daftari mara mbili, akaagiza damu ipimwe na mifupa ipigwe picha, akamwambia arudi baada ya wiki mbili.