SOMO LA 9: DAFTARI LA MFUGAJI WA NYUKI



Sasa umekwisha kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika somo hili utatumia kazi zote tatu kwa pamoja.

Tuseme unaishi Sikonge, katika Mkoa wa Tabora. Msitu wa miombo uko karibu. Babu yako alirina asali katika mizinga ya magogo. Alijua kila mti na kila mzinga wake kwa kichwa. Hakuandika kitu. Lakini babu alichonga mizinga yake mwenyewe kwa shoka lake. Hakununua mbao. Hakulipa nauli wala kibarua.

Wewe umenunua mizinga 6 ya mbao kwa seremala. Umenunua vazi la kinga na bomba la moshi. Fedha yako imeingia msituni kabla ya asali kutoka. Je, itarudi? Huwezi kujibu kwa kukumbuka tu. Kichwa husahau vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyomaliza fedha.

DAFTARI LAKO

Nunua daftari moja la shule. Liweke ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe. Tumia kalamu ya wino, maana maandishi ya penseli hufutika. Funga kalamu kwa uzi kwenye daftari. Ukianza kutafuta kalamu usiku baada ya kazi, utasema, "Nitaandika kesho." Kesho utasahau.

Daftari hili ni la nyuki tu. Usichanganye fedha za nyuki na fedha za chumvi, sabuni na ada ya shule. Ukichukua fedha ya nyuki kununua sabuni, si kosa. Andika tu: "Nimechukua kwa matumizi ya nyumbani, sh. 5,000." Mwenzako wa nyumbani naye ajue daftari liko wapi, na ajue kulisoma.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto andika juu: FEDHA ILIYOINGIA. Ukurasa wa kulia andika juu: FEDHA ILIYOTOKA. Kila mstari uwe na tarehe, jina la kitu na kiasi cha fedha. Andika siku ile ile.

Huu ni mfano. Bei hizi ni za kujifunzia. Wewe utaandika bei za kwenu.

FEDHA ILIYOTOKA

2 Oktoba: Mizinga 6, kila mmoja sh. 60,000 – sh. 360,000
2 Oktoba: Vazi la kinga – sh. 60,000
2 Oktoba: Bomba la moshi – sh. 30,000
2 Oktoba: Ndoo 3 zenye mifuniko – sh. 30,000
5 Oktoba: Waya wa kutundikia mizinga – sh. 12,000
5 Oktoba: Nta ya kuvutia nyuki – sh. 10,000
18 Juni: Kitambaa cha kuchujia asali – sh. 5,000
20 Juni: Kijana msaidizi, usiku 2 – sh. 20,000
22 Juni: Pikipiki ya kuleta ndoo nyumbani – sh. 15,000
30 Juni: Nauli ya kwenda mjini kuuliza bei – sh. 8,000

JUMLA – sh. 550,000

Tazama mistari minne ya kwanza. Mizinga, vazi, bomba na ndoo havikuisha siku ile. Vitafanya kazi miaka mingi. Jumla yake ni sh. 480,000. Mistari sita iliyobaki ni vitu vya mwaka ule tu. Jumla yake ni sh. 70,000. Kumbuka tofauti hii. Tutairudia.

UKURASA WA MIZINGA

Andika namba kwa rangi juu ya kila mzinga: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Kisha uwe na ukurasa wa mizinga katika daftari. Andika tarehe nyuki walipoingia, na kilo za asali ulizopata.

Mzinga 1: Nyuki waliingia Novemba. Asali kilo 12.
Mzinga 2: Waliingia Novemba. Kilo 14.
Mzinga 3: Hawakuingia. Uko juani mchana kutwa.
Mzinga 4: Waliingia Januari. Kilo 9.
Mzinga 5: Waliingia Desemba. Walihama Machi. Siafu.
Mzinga 6: Waliingia Novemba. Kilo 15.

Jumla: kilo 50.

Ukurasa huu hauna shilingi hata moja, lakini unasema habari za fedha. Mzinga 3 uhamishwe kivulini. Na Mzinga 5? Tawi lilikuwa limegusa mzinga, siafu wakapita juu yake. Kukata tawi ni kazi ya dakika moja. Grisi kidogo kwenye waya nayo huwazuia siafu. Hukununua grisi, ukaona umeokoa fedha.

Kabla ya kupima asali, pima ndoo tupu. Ikiwa ndoo tupu ni kilo 1, na ndoo yenye asali ni kilo 15, asali ni kilo 14. Pima asali iliyokwisha kuchujwa. Tena, rina masega ambayo nyuki wameyafunika kwa nta. Asali isiyofunikwa ina maji mengi, nayo huchacha. Ndoo moja ikichacha, wanunuzi watalitaja jina lako kijiji kizima. Hasara hiyo hakuna daftari linaloweza kuiandika. Waachie nyuki asali yao ya kula, na masega yenye watoto usiyaguse.

KILO MOJA INAKUGHARIMU SHILINGI NGAPI?

Hapa ndipo penye kazi. Soma polepole.

Mizinga ilikugharimu sh. 360,000. Tuseme itadumu miaka 6. Gawanya kwa 6. Sehemu ya mwaka mmoja ni sh. 60,000.

Vazi, bomba na ndoo vilikugharimu sh. 120,000. Tuseme vitadumu miaka 3. Gawanya kwa 3. Sehemu ya mwaka mmoja ni sh. 40,000.

Sasa jumlisha: 60,000 + 40,000 + 70,000 = 170,000.

Gharama ya mwaka huu ni sh. 170,000. Asali ni kilo 50. Gawanya 170,000 kwa 50. Jibu ni sh. 3,400. Kila kilo ya asali imekugharimu sh. 3,400. Iandike namba hii kwa herufi kubwa, uizungushie mstari. Nguvu zako mwenyewe bado hatukuzihesabu. Hata siku ulizokwenda msituni ziandike pembeni, ujue.

MNUNUZI NA DEBE LAKE

Tarehe 1 Julai mnunuzi anafika. Ana debe la lita 20.

"Ndugu yangu," anasema, "debe moja nakupa elfu tisini. Fedha taslimu, hii hapa."

Elfu tisini ni fedha nyingi. Watoto wanahitaji madaftari. Mkono unataka kupokea. Mwambie, "Karibu mgeni, keti kwanza." Kisha lete daftari.

Watu wengi husema debe ni lita 20, kwa hiyo ni kilo 20. Wanagawanya 90,000 kwa 20, wanapata sh. 4,500 kwa kilo. Wanafurahi. Kumbe wamekosea.

Debe la maji ni kilo 20. Lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Debe la lita 20 likijaa asali lina kilo 28 hivi. Kama una mizani, jaribu mwenyewe.

Gawanya tena: 90,000 kwa 28. Jibu ni sh. 3,214. Daftari lako linasema sh. 3,400. Ukiuza, unapoteza sh. 186 kwa kila kilo, na ulikuwa karibu kushukuru.

Mnunuzi huyu si mwizi. Amekutajia bei wazi. Yeye pia ana nauli, na huenda ana daftari lake. Wewe nawe mwonyeshe la kwako. Sema, "Mimi nauza kwa kilo. Kilo moja ni sh. 5,000. Mizani hii hapa." Akikataa, aende salama. Asali nzuri iliyofunikwa vizuri haiozi upesi kama nyanya. Lakini kama una deni linaloiva wiki hii, utauza kwa bei yoyote. Kwa hiyo usipokee fedha ya mnunuzi kabla ya kurina. Ukiila mapema, bei ataipanga yeye.

FEDHA ILIYOINGIA

Kati ya kilo 50, kilo 4 mmekula nyumbani. Kilo 2 umempelekea mama mkwe. Ziandike. Usipoziandika, mwisho wa mwaka utadhani zimeibwa.

Zimebaki kilo 44. Umeuza kilo 40 kwa fedha taslimu na umepata sh. 200,000. Kilo 4 amechukua jirani mwenye mgahawa, atalipa baadaye. Hiyo sh. 20,000 usiiandike katika FEDHA ILIYOINGIA. Haijaingia. Iandike katika ukurasa wa MADENI, naye atie sahihi. Akilipa mwezi wa Agosti, ifute kule, iandike huku. Mteja akilipa kwa simu, andika pia ada ya kutoa fedha upande wa kulia. Usitegemee ujumbe wa simu peke yake. Simu hupotea.

Masega usiyatupe. Yachemshe na maji, uyachuje, upate nta. Umepata kilo 3 za nta, ukauza kila kilo sh. 8,000. Hizo ni sh. 24,000.

Jumla iliyoingia: 200,000 + 20,000 + 24,000 = 244,000.

Toa gharama ya mwaka: 244,000 – 170,000 = 74,000. Faida yako ni sh. 74,000.

Utauliza: "Mbona nilitoa sh. 550,000, na zimerudi sh. 244,000 tu?" Ni kweli. Sh. 306,000 bado hazijarudi. Ziko msituni, zimetundikwa mitini. Ukikatwa mti wenye mzinga, au moto ukipita, fedha hiyo inateketea. Safisha nyasi chini ya mizinga kabla ya kiangazi kukolea.

MASWALI

Jibu katika daftari lako.

1. Mwaka wa pili hukununua mizinga wala vifaa. Vitu vya mwaka huo vimekugharimu sh. 60,000. Sehemu ya mizinga na vifaa ni sh. 100,000 kama mwaka jana. Umepata kilo 80 za asali. Kila kilo imekugharimu shilingi ngapi?

2. Mwaka huo huo mnunuzi anatoa sh. 98,000 kwa debe la kilo 28. Hizo ni shilingi ngapi kwa kilo? Utapata faida au hasara? Je, ungeuza?

3. Zungumzeni darasani: Mjomba wako anaomba kilo 5 za asali bure kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Utampa. Je, utaziandika ukurasa gani?