HAKI YA KWANZA YA MTOTO: MAZIWA YA MWANZO



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Somo letu la leo ni juu ya dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yanayotoka kwa mama siku chache baada ya kuzaa. Ziko nyumba ambamo maziwa haya hukamuliwa na kumwagwa chini. Wazee husema ni machafu, yamekaa mwilini siku nyingi. Mtoto hupewa maji ya sukari, akangojeshwa mpaka maziwa meupe yaingie. Ndugu zangu, huko ni kumnyima mtoto riziki aliyoandaliwa na Mola wake kabla hajazaliwa.

Tazameni Surat al-Qasas, aya ya 7. Firauni alikuwa akiwaua watoto wa kiume wa Bani Israil. Katika hatari ile, jambo la kwanza ambalo mama yake Musa alipewa ilhamu kulifanya ni kumnyonyesha mtoto. Habari ya kumtia mtoni ilikuja baada ya hapo. Ikiwa hofu ya Firauni haikutangulia ziwa la mama, sisi tunangoja nini?

Faida za dang'a ni hizi:

1. Lina kinga nyingi za kupigana na magonjwa. Waganga huliita chanjo ya kwanza ya mtoto.
2. Lina vitamini A kwa wingi.
3. Linasafisha tumbo, mtoto apate kutoa ule uchafu mweusi wa kwanza, na hivyo linapunguza umanjano wa macho na ngozi.
4. Mtoto anaponyonya mapema, kizazi cha mama kinajikaza na damu inapungua. Tena kunyonya ndiko kunakoleta maziwa mengi.

Msiseme ni kidogo. Tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila mara kinamtosha. Maji ya sukari yanamjaza bure, na yasipokuwa safi yanamletea kuhara.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto awekwe kifuani kwa mama na anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka miezi 6. Hata mama aliyepasuliwa anaweza kunyonyesha akisaidiwa. Mtoto asiyeweza kunyonya akamuliwe, apewe kwa kikombe safi, na muganga aitwe upesi. Mama mwenye virusi vya ukimwi ameze dawa zake kila siku na afuate mashauri ya kituo cha afya. Asiache kunyonyesha kwa sababu ya hofu tu.

Mtu atauliza: je, na tahnik? Tahnik ni sunna, nasi hatuikatai. Lakini kumgusisha mtoto tende kidogo kwenye kaakaa si kumlisha, wala si sababu ya kumzuilia ziwa. Mikono na kinywa viwe safi, na mwenye ugonjwa asiifanye. Adhana ya sikioni nayo inasomwa mtoto akiwa kifuani kwa mama yake.

Sasa wewe baba unayesoma karatasi hii, usiseme hayo ni mambo ya wanawake. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Allah ametaja miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na hapo hapo akamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama kwa wema. Basi ongea na mkeo kabla ya siku ya kuzaa. Mweleze mama yako na mama mkwe kwa adabu, maana wao ndio watakaompokea mjukuu. Mzazi akirudi nyumbani, apate chakula, maji na mapumziko. Hiyo ndiyo sehemu yako katika maziwa yale.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu wakati wa kuzaa, na uwajaalie watoto wetu afya na imani. Amin.

Wabillahi tawfiq.